Uzi: Milimita 7 zile zile, matokeo mawili tofauti – umbo la taya na upasuaji wa kurekebisha taya

Mkata Mfupa #1

Wakuu, heshima zenu.

Kila uzi wa upasuaji wa taya humu unaanza na swali lile lile: "Watanisogeza milimita ngapi?" Swali halina ubaya, ila milimita bila umbo la taya ni nusu ya habari. Chukua wagonjwa wawili, wote taya la chini limebaki nyuma, wote mpango ni kulisogeza mbele milimita 7. Wa kwanza ana uso mfupi, pembe ya taya chini ya sikio imekaa kimraba, misuli ya kutafunia imejaa. Wa pili ana uso mrefu, ukingo wa chini wa taya umeteremka sana kuelekea kidevuni, na akifunga mdomo meno ya mbele hayakutani. Mkato ni ule ule, pleti (vibati vya chuma vya kushikia mfupa) zile zile, daktari yule yule. Wa kwanza baada ya mwaka kwa kawaida utamkuta pale pale alipoachwa mezani. Wa pili ndiye mwenye hatari ya kurudi kliniki mng'ato ukiwa umeanza kufunguka tena.

Kipimo cha kuwatofautisha ni rahisi. Kwenye sefalogramu (eksirei ya kichwa ya pembeni) unachora mstari wa sakafu ya fuvu, SN, na mstari wa ukingo wa chini wa taya. Pembe kati ya hiyo mistari kwa kawaida ni kama digrii 32. Ikizidi 37 au 38 huo ni uso mrefu, ikiwa chini ya 27 ni uso mfupi. Namba hii moja inakubadilishia mpango mzima.

Kwa nini uso mrefu unarudi? Kuna mambo matatu, na mara nyingi yanakuja pamoja.

Misuli. Ukitaka kufunga pengo la meno ya mbele kwa kulizungusha taya la chini peke yake, kidevu kinapanda na nyuma ya taya inashuka. Maana yake umerefusha tawi, ile sehemu inayosimama kutoka kwenye magego hadi kiungoni. Misuli inayoshika pembe ya taya, ya nje na ya ndani, haikuulizwa. Inavutwa na inajibu kwa kuvuta.

Kiungo. Wenye taya la kuteremka, hasa wasichana na wanawake vijana, mara nyingi wana kichwa cha taya kidogo, chembamba, na shingo yake imelala kwa nyuma. Ukikipa mzigo mpya kinaweza kuanza kuliwa: mfupa unapungua urefu, tawi linakuwa fupi, kidevu kinarudi. Kadiri unavyosogeza zaidi, hasa ukikaribia milimita 10, ndivyo hatari inavyopanda.

Tatu ni mfupa wenyewe. Tawi ni jembamba, skrubu inashika kidogo.

Ndiyo maana kwa uso mrefu wenye pengo la mbele kazi inaanzia juu: mkato wa Le Fort I (wa kulitenganisha taya la juu na fuvu), taya la juu linapandishwa zaidi upande wa magego, taya la chini linajizungusha lenyewe kufuata. Kila milimita 1 unayopandisha nyuma inafunga takribani milimita 2 mbele. Kisha ndipo unaangalia kama taya la chini bado linahitaji kusogezwa, na mara nyingi inabaki hatua ndogo.

Kwa wanaopenda kujua mpangilio huu umetoka wapi: William Proffit, Timothy Turvey na Ceib Phillips wa North Carolina, Marekani, waliupanga mwaka 1996 kwa kufuatilia wagonjwa wao. Kulipandisha taya la juu ndiko kunakotulia kuliko vyote. Kulileta taya la chini mbele chini ya milimita 10 kwa uso mfupi au wa kawaida kunafuatia, halafu kulileta la juu mbele. Chini kabisa ya orodha: kulirudisha taya la chini nyuma, kulishusha la juu, na mwisho kabisa kulipanua la juu kwa upana. Angalieni hilo neno "kwa uso mfupi au wa kawaida". Wengi wanalisahau wakinukuu.

Karibuni mnyooshe palipopinda.

---

Bi. Waya #2

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka nyaya za meno. Mfupa unasogea kadiri meno yanavyoruhusu, si zaidi.

Mwili una tabia ya kuficha kasoro ya taya. Taya la chini likiwa nyuma, meno ya mbele ya chini yanalala kwenda mbele kuyafuata ya juu. Likiwa mbele, ya chini yanalala kwa ndani na ya juu yanatokeza nje. Sasa tuseme mifupa imeachana milimita 9 lakini meno yamejilaza hadi pengo linaloonekana ni milimita 4. Ukimpeleka mgonjwa mezani hivyo, meno yatagongana baada ya milimita 4 na hapo ndipo daktari anaishia. Meno yatakutana, uso utabaki karibu ulivyokuwa, na lawama itamwangukia mkataji.

Kazi yetu kabla ya upasuaji ni kuyarudisha meno kwenye mfupa wake, yaani kuifanya kasoro ionekane mbaya zaidi kwanza. Meno ya mbele ya chini yasimame karibu digrii 90 na ukingo wa taya, kwa kipimo cha vitabu. Inachukua miezi 12 hadi 18 kwa kawaida. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba katikati ya safari ataonekana vibaya kuliko alivyoanza, la sivyo ataacha.

Na hapo umbo linaingia tena. Wenye uso mrefu na kidevu chembamba, ganda la mfupa mbele ya meno ya chini ni karatasi. Ukilisukuma jino nje linatoka kwenye mfupa na fizi inashuka. Lazima CT (eksirei ya vipande vipande) ipite hapo kabla ya kuamua kung'oa magego madogo au kutong'oa.

Kwa uso mfupi mambo ni kinyume. Huyo meno ya chini yamepinda kama bakuli, mbele yako juu, katikati yako chini. Kosa la kawaida ni kuyanyoosha yote kabla ya upasuaji. Usiyanyooshe! Mpeleke hivyo hivyo, taya lisogezwe mbele likae kwenye nukta tatu: meno ya mbele na magego ya mwisho kushoto na kulia, magego madogo yakiwa wazi. Kwa njia hiyo kidevu kinashuka na uso unapata urefu. Pengo la katikati unalifunga baadaye kwa mipira, miezi michache. Ukinyoosha mapema taya linakwenda mbele tu bila kushuka, na uso mfupi unabaki mfupi wenye kidevu kirefu.

---

Mgosi #3

Naweka kambi hapa. Mkata Mfupa, hilo la tawi jembamba umelipita haraka. Kwenye kupasua lenyewe linafanya nini?

---

Mkata Mfupa #4

Mgosi, hapo ndipo penye ugomvi mwingi, kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua.

Mkato unaotumika zaidi kwa taya la chini ni BSSO, kulipasua tawi kwa urefu kulia na kushoto, ganda la nje libaki na kiungo, ganda la ndani liende na meno. Richard Trauner na Hugo Obwegeser waliueleza kwa Kiingereza mwaka 1957, Dal Pont akausogeza mkato wa nje mbele hadi kwenye magego mwaka 1961, Hunsuck mwaka 1968 akaufupisha mkato wa ndani uishie nyuma kidogo tu ya lingula. Lingula ni kile kijino cha mfupa upande wa ndani wa tawi ambapo mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unaingia.

Hatua zenyewe:

Unafungua fizi kwenye mgongo wa mfupa nje ya magego, unaacha utando wa kutosha kushonea. Unainua tishu upande wa ndani wa tawi hadi unaiona lingula, mshipa umeulinda. Mkato wa ndani unapita kwa ulalo juu kidogo ya lingula, ganda la ndani tu, unaishia nyuma yake. Kisha unashuka na mgongo wa mfupa hadi usawa wa gego la kwanza na la pili, hapo unashusha mkato wa wima upande wa nje. Mkato huo lazima uuzunguke ukingo wa chini wenyewe. Ndipo unaingiza tindo nyembamba na vipanuzi, pole pole, ukiangalia ukingo wa chini unaelekea wapi.

Sasa umbo. Kati ya ganda la nje na la ndani kuna mfupa wa sponji, na ndio unaokuonyesha njia ya kupasua. Ukipanda juu kwenye tawi, maganda mawili yanaungana na sponji inaisha. Kwa tawi jembamba yanaungana mapema. Ukiweka mkato wa ndani juu mno umeingia kwenye mfupa usio na katikati, hauna pa kufunguka, kwa hiyo unachagua njia yake. Huko ndiko tunakopata mpasuko mbaya: kipande cha ganda la nje kinavunjika, au ganda la ndani nyuma ya gego la mwisho, au mstari unakimbilia shingo ya kiungo. Kwa wastani ni kama mara 2 hadi 3 kwa kila matawi 100. Si mwisho wa dunia. Unamalizia mpasuko pale ulipokwama, unarudisha kipande kwa pleti, unaendelea. Ila ukivunja vipande vitatu na kuviacha vinaning'inia bila periosti (utando unaofunika mfupa), hapo umetengeneza mfupa mfu.

Gego la mwisho lililozama njiani linapunguza mfupa mahali hasa pa kukata. Wengi wanaling'oa angalau miezi 6 kabla ili mfupa ujae, wengine wanalitoa siku hiyo hiyo baada ya kupasua. Njia zote mbili zinafanyika. Kwa kijana mwenye tawi jembamba mimi naona miezi 6 ni nafuu.

Halafu mshipa. Kwenye CT tazama vipande vya wima usawa wa gego la pili: kati ya mfereji wa mshipa na ganda la nje kuna nafasi gani? Kwa taya nene kuna sponji ya kutosha na mshipa unabaki na kipande cha meno bila kuguswa. Kwa taya jembamba mfereji umegusana na ganda la nje, ukipasua mshipa unatoka umeng'ang'ania upande usiotakiwa na inabidi uuchonge utoke. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu mara baada ya upasuaji ni kawaida kwa karibu kila mtu, na kwa wengi inapungua ndani ya miezi 6 hadi 12. Wanaobaki nayo zaidi ni hao wa mfereji uliogusa ganda, na wenye umri mkubwa. Wote hao wawili unaweza kuwajua kabla hujashika msumeno, kwa hiyo waambiwe kabla.

Kama tawi ni jembamba sana na mpango ni kulirudisha taya nyuma, kuna mkato mbadala wa wima nyuma ya lingula, kutoka kwenye mbonyeo wa juu wa tawi hadi kwenye pembe. Mshipa hauguswi sana. Bei yake: kwa kawaida hauwekewi pleti, mdomo unafungwa kwa waya wiki kadhaa.

---

Fundi Splinti #5

Mmeongea umbo la pembeni tu. Mimi naliangalia taya kutoka juu, kama lilivyolala kwenye skrini, na huko kuna jambo ambalo picha ya pembeni haikuambii kamwe.

Taya la chini ukilitazama kutoka juu ni ama U ama V. Lenye umbo la V linapanuka kwa haraka kwenda nyuma. Ukilisogeza mbele milimita 6, sehemu yake pana ya nyuma inasukuma vipande vya kiungo kwenda nje, na ukivibana kwa skrubu kichwa cha taya kinapinda ndani ya kiungo. Kwa nje uso unapanuka kwenye pembe, na mgonjwa aliyekuja kutafuta uso mwembamba anaondoka na mpana. Ukilirudisha nyuma inakuwa kinyume: vipande vinaachana, kunabaki uwazi kati ya mifupa, na ukiikaza skrubu ili uzibe huo uwazi umekivuta kiungo ndani. Usiuzibe. Tumia pleti yenye skrubu za ganda moja, au weka kipande cha mfupa kwenye uwazi. Skrubu tatu za kupita maganda yote mawili ziachie taya la U ambalo mifupa inalaliana yenyewe.

Taya lililopinda upande mmoja ndilo baya zaidi. Tuseme kidevu kimekwenda kushoto milimita 6. Ukikirudisha katikati, taya linazunguka, mkia wa kipande cha meno upande mmoja unatokeza nje na kugonga kipande cha kiungo, upande wa pili unaacha pengo. Ukiona kwenye programu mifupa imeingiliana zaidi ya milimita 2 au 3 nyuma, mwambie daktari apange kuipunguza kwa drili au kuukata ule mkia nyuma ya gego la mwisho. Na kabla ya yote haya ijulikane kama kiungo cha upande mrefu bado kinakua. Scan ya nyuklia ikionyesha tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya viungo viwili, kiungo hicho bado kina kazi. Ukikata taya leo, kesho linapinda tena.

Kuhusu mipango: CT ya vipande visivyozidi milimita 1, meno yaskaniwe peke yake kwa sababu chuma cha nyaya kinaharibu picha, na mgonjwa apigwe picha kiungo kikiwa kimekaa vizuri, si akiwa anang'ata mbele kwa mazoea. Wenye taya la nyuma wengi wamezoea kulisukuma mbele kuficha. Ukimskani hivyo splinti (kibao cha plastiki kinachoongoza meno yakutane wapi mezani) itatoka nzuri sana kwa kiungo ambacho hakipo hapo.

---

Tindo na Nyundo #6

Samahani wakuu, mnaipa sifa kubwa mno "umbo". Nusu ya yale mnayoita taya kurudi kwa sababu ya uso mrefu, taya halikurudi. Halikufika.

Kipande cha kiungo kikishafunguliwa hakina kinachokishika. Mgonjwa amelala chali, misuli imelegezwa na dawa, kichwa cha taya kinashuka kutoka kwenye tundu lake. Mkataji anakaza skrubu, meno yamefungwa kwenye splinti, kila kitu kinaonekana safi. Akifungua waya, kiungo kinapanda kwenye tundu na taya lote linarudi nyuma. Hiyo haihitaji uso mrefu wala mfupi, inahitaji haraka ya mkataji.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Kabla ya kukaza, kipande cha kiungo kisukumwe taratibu kwenda juu na mbele kidogo, si nyuma. Ukishakaza pande zote mbili, fungua waya, toa splinti au iache juu, lisukume taya kwa kidole chini ya kidevu na pembe, lifungue na kulifunga. Meno yaingie kwenye splinti yenyewe bila kusukumwa. Yakikataa, skrubu zinatoka, unaanza upya. Wengi hawapendi kuanza upya saa ya nne ya operesheni. Hapo ndipo "umbo la mgonjwa" linapozaliwa.

---

Mkata Mfupa #7

Tindo, nusu nakubali. Kukagua mezani ni lazima na wasiofanya hivyo wapo.

Lakini muda unatenganisha. Kiungo ambacho hakikukaa kinajionyesha siku ile ile au ndani ya wiki chache za kwanza, mipira ikilegezwa: mng'ato unarukia nyuma ghafla, au upande mmoja. Kiungo kinacholiwa kinakuja kimya kati ya miezi 6 na miaka 2. Miezi ya mwanzo meno yanakutana vizuri, halafu pengo la mbele linafunguka kidogo kidogo, na ukilinganisha sefalogramu mbili tawi limepungua urefu. Huyo wa pili hata angekazwa na malaika angerudi. Na ukimtazama picha zake za mwanzo ni yule yule: msichana, pembe kali, kichwa cha taya kama kidole cha mtoto, shingo imelala nyuma.

Kwa huyo unafanya yafuatayo: CT ya viungo kabla, picha mbili zilizoachana miezi 6 hadi 12 kuthibitisha viungo vimetulia, ugonjwa wa yabisi uchunguzwe kwa damu, na milimita zipunguzwe kwa kutumia taya la juu na kidevu. Kidevu chenyewe ukikikata na kukileta mbele, nyama inafuata mfupa karibu moja kwa moja, na kiungo hakijui kama umefanya kitu. Mkato wake ukae angalau milimita 5 chini ya tundu la mshipa wa kidevu, maana mshipa unashuka chini ya tundu kabla ya kupanda kutoka.

---

Tindo na Nyundo #8

Hapo kwenye miezi 6 hadi miaka 2 tumekubaliana. Ila "malaika" futa, tutaitwa wachawi.

---

Bi. Waya #9

Kuna jambo lingine ambalo kwetu huku ni muhimu kuliko digrii 32 za Mkata Mfupa.

Namba za Steiner, daktari wa kupanga meno (digrii za taya la juu na la chini kwa sakafu ya fuvu, na tofauti yao: SNA 82, SNB 80, ANB 2) zilitokana na Wamarekani weupe, mwaka 1953. Ukimpima Mwafrika mwenye uso mzuri kabisa kwa namba hizo, taya zake zote mbili zitaonekana zimetokeza na meno ya mbele yameinama. Ukifuata namba utamrudisha nyuma mtu asiye na tatizo, umwachie midomo bapa na pua iliyoonekana kukua. Hasa kwa taya la chini lililo mbele: jiulize kwanza kama ni la chini lililokua sana au ni la juu lililobaki. Katikati ya uso pamebonyea, mashavu kando ya pua ni bapa? Basi sogeza la juu mbele, usilirudishe la chini.

Wale ambao kweli meno na mataya ya mbele yametokeza hadi midomo haifungi bila kukaza, mara nyingi hawahitaji kukatwa taya zima. Yanang'olewa magego madogo ya kwanza, yanaacha nafasi ya kama milimita 7 kila upande. Kwa wengine nyaya zinatosha kuyarudisha. Ambao mfupa wenyewe umetokeza, kinakatwa kipande cha mbele tu, chonge hadi chonge, kinarudishwa. Hatari kuu hapo ni mizizi ya meno ya pembeni na damu ya kile kipande, kwa hiyo mizizi itengwe kwa nyaya kabla ili msumeno upate njia.

Na pua. Taya la juu likienda mbele au juu, tako la pua linapanuka na ncha inainuka. Kwa pua ambayo tayari ni pana, mgonjwa ataliona hilo kabla hajaona meno. Ule mshono wa kuvuta mabawa ya pua pamoja kabla ya kufunga fizi usiachwe, na mfupa wa ukingo wa tundu la pua uchongwe kidogo kama taya linapanda. Septamu, ukuta wa kati wa pua, ipunguzwe pia. Ikiachwa ndefu inajikunja na pua inapinda.

---

Kaputi #10

Kutoka upande wa dawa za usingizi, kwa kifupi.

Kulirudisha taya la chini nyuma kunausukuma ulimi na koo linakuwa jembamba. Kwa mtu mnene, mwenye shingo fupi, anayekoroma, muulizeni habari za usingizi kabla ya kupanga, na kama ana tatizo la kukatika pumzi usiku, kumrudisha peke yake si mpango. Gawaneni: la juu mbele, la chini nyuma kidogo. Kinyume chake, kuleta mataya yote mawili mbele karibu milimita 10 ni tiba ya hilo tatizo la pumzi.

Mirija ya kupumulia inapita puani, kwa hiyo ncha ya tindo inayotenganisha taya la juu na mfupa wa nyuma, na msumeno wa ukuta wa pua, vinaweza kuukata mrija. Imetokea sehemu nyingi duniani. Shinikizo la damu linashushwa kiasi wakati wa Le Fort, asidi ya traneksamiki inatolewa kabla ya kukata. Shashi ya kooni ihesabiwe kwa sauti ikiingia na ikitoka. Mgonjwa aamke kabisa ndipo mrija utoke, na kama amefungwa waya, mkasi wa waya ukae kichwani mwa kitanda, si kabatini.

---

Mgosi #11

Na wale ambao taya lilishikana tangu utotoni? Aliangukia kidevu akiwa na miaka minne, au usaha wa sikio, mdomo ukafunga. Huku kwetu wapo, na taya limebaki dogo kabisa.

---

Tindo na Nyundo #12

Mgosi hiyo ni sura nyingine kabisa, na BSSO ya kawaida haimfai mara nyingi. Taya lake ni fupi kwa urefu na kwa tawi, mbele ya pembe ukingo wa chini umebonyea sana, kidevu hakipo, na upande ulioshikana mfupa wa kiungo ni donge. Huwezi kumsogeza milimita 15 kwa mara moja. Hakuna mfupa wa kulaliana na misuli haikubali.

Kama shida kubwa ni kufungua mdomo, donge linatolewa kwanza, uwazi mpana ubaki, nyama ya msuli wa panja iwekwe katikati ili lisishikane tena. Mezani mdomo ufunguke angalau milimita 35. Kisha mazoezi ya kufungua yaanze ndani ya siku chache na yaendelee miezi, si wiki. Wanaoshikana tena karibu wote ni walioacha mazoezi au donge halikutolewa lote upande wa ndani. Kama shida kubwa ni pumzi usiku, wengine wanaanza na kurefusha taya kwanza, kufungua kiungo baadaye, kwa hoja kwamba kipande cha kiungo kilichoshikana kinakaa imara wakati kifaa kinavuta.

Kurefusha ni kwa kifaa cha kuvuta mfupa: unakata ganda, unakifunga, unasubiri kama siku 5, halafu unazungusha milimita 1 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Ukifika unakiacha kifaa hapo hapo wiki 8 au zaidi mfupa ugumu. Mwelekeo wa kifaa ndio kila kitu. Kikiwekwa sambamba na ukingo wa taya la kuteremka, taya linarefuka kuelekea chini na pengo la mbele linafunguka. Kiwekwe sambamba na mkao wa meno ya juu, na vifaa vya kulia na kushoto viwe sambamba vyenyewe kwa vyenyewe, la sivyo vinapigana na skrubu zinang'oka.

---

Kaputi #13

Naongezea kwa huyo wa Mgosi: mdomo haufunguki, kwa hiyo kumlaza kwanza ndipo utafute njia ya hewa ni hatari. Mrija unapitishwa puani akiwa macho, kwa kamera nyembamba, na daktari wa kufungua njia ya hewa kooni awe amesimama tayari, amevaa glavu.

---

Fundi Splinti #14

Na kwa CT yake mwombeni radiolojia wapige hadi kwenye sakafu ya fuvu, si taya tu. Donge la ndani linakaribiana na mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya shingo ya kiungo, na kwenye picha iliyokatwa nusu huuoni.